Herufi za Kimombo Zimo Vinywani Mwetu

Wahenga walinena kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika. Neno hilo twalijua sote, na watoto wetu hufunzwa tangu wadogo wasimcheke kipofu wala kiwete. Lakini kuna kicheko kimoja ambacho hatukikatazi, na pengine sisi wazazi ndio tunaokianzisha. Nacho ni kile cha kumcheka mtu asemapo Kiingereza kwa lafudhi ya kwao. Vijana wamekipa jina kabisa: husema fulani "ameshrabu", na kikao kizima kikaangua kicheko.

Mimi ni mkaazi wa Likoni. Nikivuka kwa feri asubuhi, nikipita Kisauni au nikienda Changamwe kwa shughuli zangu, husikia Kiingereza cha namna kwa namna: cha wapagazi wa bandarini, cha wauza vinyago, cha makarani, cha wanafunzi waliovaa sare. Nimekisikiliza kwa miaka mingi, na leo nataka kumweleza msomaji jambo moja. Herufi za lugha hiyo, zile tunazodhani ni mali ya Wazungu peke yao, karibu zote tunazo vinywani mwetu tangu utotoni. Mtoto wetu anachokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba anazo.

HEBU TUHESABU

Wataalamu wa matamshi huhesabu konsonanti 24 katika Kiingereza, yaani sauti zote zisizokuwa irabu. Tuzipange kwa maneno yetu wenyewe: pwani, bahari, taa, dada, kuku, gari, fimbo, vita, samaki, zawadi, shamba, haki, chai, jahazi, mama, nanasi, ng'ombe, ladu, rafiki, wali, yai. Hizo ni 21. Ongeza thamani na dhahabu, zimekuwa 23. Iliyobaki ni moja tu, ile inayosikika katikati ya maneno kama "measure" na "pleasure". Hiyo kwa kweli hatunayo, na mtoto wetu huiweka sh au z mahali pake.

Sisemi kwamba hizo 23 zafanana na za Mwingereza sawasawa kama nazi mbili za mnazi mmoja. B yetu na d yetu huvutwa ndani kidogo, zao husukumwa nje. R yetu hugonga ufizi, yao haigongi. Lakini hizo ni tofauti za jamaa wa nyumba moja. Mtoto aliyezaliwa Mtongwe akasema "rafiki" na "ladu" bila ya kuchanganya hana haja ya kufunzwa kwamba "rice" si "lice".

ULIMI NA MENO

Nianze na ile inayowashinda wengi duniani, yaani th. Mfaransa akitaka kusema "this" husema "zis". Mjerumani kadhalika. Huko London kwenyewe wako wenyeji, watoto wa mji, wasemao "fink" badala ya "think", na huko Ireland wengi husema "tink". Kumbe hata kwao herufi hii si nyepesi.

Sasa mtazame mtoto wa chuoni. Kabla hajaijua penseli ya skuli amekwisha kaa mkekani mbele ya maalim wake akifunzwa makharij, yaani mahali inapotokea kila herufi. Elimu hiyo ni kongwe. Sibawayhi, mtaalamu wa nahau aliyefariki mwishoni mwa karne ya 8, alizitaja makharij 16. Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, sawa na 833 wa Hijria, akazihesabu 17, na hesabu yake ndiyo waalimu wengi wanayoifuata hata leo. Na tukumbuke kwamba Sibawayhi hakuwa Mwarabu. Alikuwa mtu wa Uajemi aliyejifunza Kiarabu, kisha Waarabu wakasoma kwake.

Katika hesabu hiyo ziko herufi tatu zitokazo mahali pamoja: tha, dhal na dha. Maalim humwambia mtoto: toa ncha ya ulimi, iguse kingo za meno ya juu ya mbele, upulize. Mtoto akiukaza ulimi ndani ya meno ikatoka sini, maalim humrudisha. Basi tha hiyo ndiyo th ya "three" na "think", na dhal hiyo ndiyo th ya "this" na "mother". Mwalimu wa Kiingereza akija darasani na kuchora ubaoni picha ya ulimi na meno, huwa anafundisha somo ambalo mtoto amelipita miaka mitano iliyotangulia.

Na hapa maandishi yetu yamewashinda wenye lugha yao. Mwingereza huandika "thin" na "this" kwa herufi zile zile mbili, na msomaji ajijue mwenyewe ipi ya thamani na ipi ya dhahabu. Zamani walikuwa na herufi mbili maalumu za sauti hizo, wakaziacha, na mpaka leo watu wa Iceland bado wanaziandika. Sisi twaandika th kando na dh kando. Vivyo hivyo ng. Mwingereza huandika "singer" na "finger" kwa namna moja, lakini ya kwanza ni ng' ya ng'ombe na ya pili ni ng ya ngoma. Mtoto wetu akiambiwa hivyo mara moja hatasahau.

PUMZI YA KIMVITA

Liko jambo jingine ambalo vitabu vya skuli haviandiki. Mtu wa Mombasa asemapo paa la nyumba hatoi pumzi, lakini asemapo paa wa mwituni hupuliza. Kaa la moto ni kavu, kaa wa baharini ana pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo wako, msomaji, uyaseme maneno hayo manne kama asemavyo nyanya yako, utaihisi. Waingereza wana pumzi hiyo hiyo kila neno linapoanza kwa p, t au k: "pen", "tea", "key". Lakini ikitanguliwa na s, kama katika "spoon", pumzi hukatika. Wao wenyewe huifanya bila kujua.

Kadhalika Kimvita kina t mbili. Ile ya kuteka maji kisimani, ulimi hukaa juu ya ufizi. Ile ya kuteka kwa maana ya kucheka, ulimi hugusa meno. Ukimwita mtu "ndoo", yaani njoo, d yake si ile ya ndoo ya kutekea maji. T na d za Kiingereza ni zile za kisimani. Mtu aliyelelewa kwa Kimvita safi huzitenga bila ya shida, kwani asipozitenga hataeleweka nyumbani kwao.

Maalim Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, aliziona tofauti hizi. Yeye na mmishenari William Taylor walikaa wakatengeneza alama za kuongeza katika herufi za Kiarabu, ili kila sauti ya Kimvita ipate mahali pake. Kwa maandishi hayo yalihifadhiwa mengi, yakiwamo mashairi ya Muyaka bin Haji. Kisha mwaka 1928 ulifanywa mkutano hapa hapa Mombasa, ikaamuliwa kwamba Kiswahili cha skuli kifuate Kiunguja, na herufi za Kirumi zikawa ndizo za vitabu. Tokea hapo t ikawa moja, d ikawa moja, na pumzi haiandikwi. Sauti zilibaki vinywani, lakini karatasini hazionekani. Na kitu kisichoonekana karatasini mwalimu wa leo hudhani hakipo.

NG'AMBO TATU

Wengine hudhani Kiingereza kilitufikia kwa ulimi mmoja, ulimi wa London, kisha sisi tukakiharibu. Historia ya bara hizi zetu yasema vingine.

Jina la Port Reitz, kule Changamwe, ni la Luteni John Reitz, aliyeachwa Mombasa kusimamia ulinzi wa Kiingereza mwaka 1824 na akafariki mwaka huo huo. Ulinzi wenyewe ulikwisha mwaka 1826. Kiingereza kilichokuja kukaa kilianzia Kisauni. Mwaka 1875 wamishenari walijenga pale Frere Town, makao ya watu waliookolewa utumwani, na waliowasaidia kuwafunza na kuwaongoza ni Waafrika waliosomeshwa Nasik, karibu na Bombay. Watu hao walikuwa wamenyakuliwa udogoni, wakavushwa bahari, wakajifunza Kiingereza katika nchi ya Wahindi, kisha wakarudi nacho Kisauni. Kengele iliyowapa watu jina la Kengeleni ingali ukumbusho wao. Basi mtu wa kwanza kumfunza mtoto wa Kisauni kusema "good morning" yawezekana kabisa alikuwa Mwafrika mwenye lafudhi ya Kihindi.

Mwaka 1896 reli ikaanza kujengwa, ikavuka Makupa na kupita Changamwe. Wakaletwa wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Baadaye bandari ya Kilindini ikapanuka, na kiwanda cha kusafisha mafuta kikaanza kazi Changamwe mwaka 1963, kikaendelea kusafisha mpaka 2013. Kazi hizo ziliita watu wa bara kwa maelfu, na kila mmoja alikuja na herufi za mama yake. Kikuyu kwa asili hakina l. Kikamba kwa asili hakina r. Kijaluo hakina sh wala z. Kwa hivyo ukisikia Magongo mtu akisema "fis" kwa kutaka "fish", usidhani ni mjinga. Amechukua herufi ya kwao iliyo karibu zaidi akaitumia, kama vile Mwarabu wa dukani, ambaye lugha yake haina p, asemavyo "bolisi".

Na ukirudi Likoni, Mdigo ana jambo ambalo hata sisi wa Kimvita hatuna. Yeye husema "tsano" na "madzi", na Mgiriama wa Kisauni kadhalika. Sauti hizo ts na dz ndizo zinazofunga maneno ya Kiingereza kama "boats" na "beds", ambazo wengi wetu huzikatakata. Lakini ni Mdigo gani aliyepata kuambiwa darasani kwamba Kidigo chake kitamfaa katika Kiingereza? Aghalabu huambiwa akiache mlangoni.

BINTI ALIYENYAMAZA

Nasema haya kwa sababu kicheko kina madhara. Jirani yangu ana binti wa miaka 14, hodari wa masomo, na chuoni alikuwa akisomesha wadogo. Siku moja katika skuli yao, ambayo sitaitaja, aliambiwa asome kwa sauti. Akafika penye neno "strength", akasema "sitirenthi". Darasa likacheka. Mwalimu akamwambia arudie, akarudia, wakacheka zaidi. Akaambiwa arudie tena. Tokea siku hiyo hakuinua mkono tena darasani. Baba yake alinijia baada ya Magharibi akaniambia, "Sheikh, mwanangu amekuwa bubu. Nyumbani huongea, skuli hafungui kinywa. Mwisho wa muhula ameshuka nafasi kumi na moja."

Nikamwomba aje naye. Binti akaja, akaamkia, akaketi karibu na mke wangu.

"Mwanangu," nilimwuliza, "Suratul-Fajr waihifadhi?"

"Naihifadhi, ami."

"Nisomee aya tano za mwanzo, na usimame mwisho wa kila aya."

Akasoma vizuri, kwa tajwidi. Msomaji aijuaye sura hiyo anaelewa kwa nini niliichagua. Kila moja ya aya hizo tano, mtu akisimama, hukomea kwa konsonanti mbili zilizofuatana, zote zina sukuni, bila irabu hata chembe. Tukizungumza twasema alfajiri na witiri, twajaza irabu kila mahali. Lakini mtoto huyo huyo akisoma hawezi kuzijaza, kwani maalim wake hatamwachia.

Nikamwambia, "Umesoma sukuni mbili mara tano na hukukosea. Sasa sema starehe."

"Starehe."

"Mbona hukusema sitarehe?"

Akatabasamu. Nikamweleza kwamba hilo neno lililomliza lina herufi zake zote. Mwanzo ni st ya starehe na stahili, ikafuatwa na r. Katikati ni irabu fupi. Mwisho ni ng' ya ng'ombe yenye sukuni, kisha tha ya chuoni. Akalijaribu polepole, kipande kwa kipande. Mara ya nne likatoka. Baba yake akalijaribu naye, likamshinda, na kwa mara ya kwanza jioni ile binti akacheka yeye.

Siwezi kudai kwamba siku ya pili alikwenda akainua mkono. Kidonda cha aibu hakiponi kwa usiku mmoja. Lakini mama yake aniambia kwamba sasa humsikia akimfundisha ndugu yake mdogo: "Toa ulimi kama wasoma tha."

TAABU ILIYOPO KWELI

Nisije nikadhaniwa nasema kila kitu ni rahisi. Kiingereza hupenda kufunga neno kwa konsonanti, na Kiswahili hupenda kulifunga kwa irabu. Ndiyo maana "bus" kwetu ni basi, "ticket" ni tikiti, "glass" ni gilasi, "brush" ni burashi. Hayo ni maneno yetu sasa, na ndani ya Kiswahili hapana kosa kuyasema hivyo. Ni sunna ya lugha zote kumvisha mgeni nguo za mwenyeji. Taabu huja mtoto anapochukua gilasi hiyo na kuirudisha katika Kiingereza.

Pia msomaji wa Kurani amezoea qalqala, ule mtikiso wa herufi tano, qaf, ta nzito, ba, jim na dal, zinapokuwa na sukuni. Huko ni lazima. Lakini akiuleta mtikiso huo katika "bad" au "job", Mwingereza atasikia kama kuna irabu imeongezwa. Basi na aambiwe: sukuni ichukue, mtikiso uache.

Na lafudhi yenyewe je? Hiyo si kosa. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, mwaka 1979 alitoa mihadhara ya Reith katika redio ya BBC. Waingereza walikaa majumbani mwao wakasikiliza Kiingereza cha mtu wa Mvita aliyekuwa na jambo la kusema. Tutakalo kwa watoto wetu ni waeleweke na wasiogope kusema. Hatuna haja ya mtoto wa Bombolulu azungumze kupitia puani ili ajulikane amesoma.

Hata mtihani wetu wa kitaifa wa sekondari hupima matamshi kwa kalamu. Mwanafunzi huulizwa neno lipi lasikika kama lipi, au herufi ipi haitamkwi, naye hujibu kwa kuandika. Kwa hivyo mtoto aweza kupata alama zote na asipate hata siku moja kusikilizwa. Kumsikiliza kumebaki kazi yetu sisi nyumbani, na ya waalimu wenye huruma.

Nauliza basi: kwa nini maalim wa chuo na mwalimu wa skuli, ambao huenda wanakaa mtaa mmoja na kusali msikiti mmoja, wasikae barazani siku moja wakalinganisha masomo yao? Mmoja ana elimu ya makharij ya miaka zaidi ya elfu. Wa pili ana kitabu chenye picha za ulimi. Wanamfundisha mtoto mmoja, kinywa kimoja, na hakuna aliyemwambia mwenziwe.

Wewe mzazi nawe usingoje mkutano wao. Leo mwanao akirudi chuoni, mwambie akuonyeshe mahali inapotoka tha na mahali inapotoka dhal. Akikwisha, mpe kitabu chake cha Kiingereza akutafutie maneno matano ya kila moja. Na kama jirani yako ni Mdigo, Mkamba au Mjaluo, mwite mtoto wake naye aje, aseme ya kwao, na wako asikilize.